Mshono wa Kiunoni

Mimi ndiye niliyemvisha. Magazeti hayakunitaja.
Miaka ishirini na miwili nimebana pini midomoni
huku Ottavia Zandegiacomo, nyuma ya pazia,
akiipandisha sauti ngazi kwa ngazi
kama mtu apapasaye ufunguo gizani
na akiupata haamini.

Gauni lilikuwa moja. Watu hawajui hilo.
Hariri ya rangi ya divai, tuliikopa Trieste,
na deni tulilimaliza gauni limeshachakaa.

Odesa nilipunguza vidole viwili:
baridi, supu ya kabichi, na barua ya kifo cha mama yake
iliyofika imelowa, wino umetembea.
Usiku ule akaimba sauti ya kumtoa nyoka pangoni.
Matajiri wa ngano wakapanda juu ya viti,
wakamrushia maua, glovu, hata saa ya mfukoni
iliyoanguka ikapasuka kioo.
Aliivaa hadi leo. Haijapata kutembea.

Havana nilifumua.
Sukari, alisema, iko hata hewani.
Aliyetubebea masanduku alikuwa mali ya mtu;
Ottavia alimuuliza jina,
naye akatazama pembeni kwanza, ndipo akajibu.
Na palikuwa na mpiga filimbi, Evaristo —
siendelei. Gauni linajua.

Nikafumua tena Lima, nikafumua tena melini,
kisha Montevideo, mwezi Desemba, joto la tanuri,
nikakaza vidole vitatu kwa usiku mmoja.
Kesho yake alitoka jukwaani
akaimba sehemu ya mama anayebembeleza mtoto.
Ukumbi mzima ukalia. Sanaa iliyoje, wakasema.
Mimi niliyesimama kando na beseni na vitambaa
sikuiita sanaa.

Alikufa mara mia tatu na kumi na nne. Nilihesabu.
Kwa kifua kikuu, kwa jambia, kwa sumu ya kikombe cha bati,
na mara moja, Lisbon, kwa kujirusha kutoka mnarani
kabla godoro halijasogezwa.
Akarudi kuwainamia watu kwa mguu mmoja,
akitabasamu, jasho likimtoka kama maji ya paa.

Wanasema mcheza kwao hutunzwa.
Basi tukarudi Belluno, mlimani, kwa gari la farasi,
na ndoo ya theluji ikaanguka kutoka paa la kanisa
mbele yetu, kana kwamba ndiyo salamu.
Ukumbi ulijaa: mwokaji, wauza jibini,
wasichana aliosoma nao sasa wana wajukuu.
Sauti ya juu, ile ya Odesa, ya Lima,
ilifika mlangoni ikasita. Ikapasuka.

Kimya.
Kisha mluzi, kutoka roshani. Na kwetu mluzi si sifa.
Umetuletea makombo, mtu akapaza sauti.

Mstari wa mbele aliketi mzee Bortolo, baba yake, fundi viatu,
buti zake zinang'aa kama zabibu zilizooshwa.
Masikio yalikwisha kufa miaka minane.
Aliona mdomo wa mwanawe umefunguka,
akaona umefungwa, akajua zamu yake imefika,
akapiga makofi peke yake, makubwa, ya mbao,
hakuacha, hata walipozima mishumaa.

Chumbani nilimkuta amekaa juu ya sanduku,
mkono kwenye ile saa.
Nikauliza kama kawaida: Nipunguze au niongeze?
Akacheka, kicheko kibovu, cha mtu wa sokoni.
Perina, fumua mshono wote.
Nina njaa tangu Trieste.