Gramu Tisini na Nne

Kibuye, Jumapili, jua halijachoma mabati,
Lumadede kamwaga gunia lake mbele ya mizani yangu:
plau iliyovunjika, spoku, mguu wa cherehani,
sufuria mbili zilizokata tamaa,
na kisahani cha chuma, cheusi, kipana kama kiganja cha mtoto,
chenye tundu katikati lenye umbo la kabari.

"Hicho kilikuwa kizibo cha mtungi wa busaa," akasema.
"Nyanya alikiita sahani ya Bama."

Nikazima redio.

Chuma kama hiki, kwanza usikitazame. Kisikilize.
Nikakining'iniza kwa uzi, nikakigonga kwa ukucha.
Cha kumiminwa hujibu du, kama mtu aliyeamshwa usingizini;
hiki kiliimba, kikachelewa kunyamaza.
Kisha kidole ndani ya matundu, kutafuta mshono wa kalibu.
Hakuna mshono.
Kuna makovu ya tupa,
ya mtu aliyekaa siku nyingi akikata omena wembamba, wawiliwawili,
ambao si omena, najua sasa:
ni majani ya msonobari.

Haya nilifunzwa na Mwalimu Hisae wa hisabati, kule Ahero.
Alikuja kutafuta pedali ya baiskeli
akakuta kinga yangu ya kwanza imeegemeza mlango usipigwe na upepo.
Alipiga magoti. Nikadhani ameona nyoka.
Ndiye aliyeniambia hiki ni kikingio cha upanga,
na kwamba ukingo wake, kwao, huitwa mimi,
yaani sikio.
Nikacheka hadi wateja wakageuka.
Mimi? Mimi ni ukingo wa nini?

Wahenga walikuwa wakizungumzia kuni
waliposema kinga na kinga,
lakini nami nikaileta ile ya mlangoni, nikaiweka kando ya hii,
na kweli, kitu kikawaka:
ile nene, ina mafundo ukingoni kama mifupa chini ya ngozi;
hii nyembamba, mtoto wa mjini.
Tundu lake limezibwa kwa shaba juu na chini,
shaba iliyogongwa kwa patasi, ikagongwa tena, ikagongwa tena.
Upanga ulitoka, mwingine ukaingia, ukapwaya, ukabanwa.
Watu watatu basi, kwa uchache.
Wa nne ni babu yake Lumadede,
aliyechukuliwa na Keya akiwa na miaka kumi na tisa
akarudi Chavakali na kisahani mfukoni.
Upanga ulibaki wapi, hakusema.
Wala mkono.

Watu hudhani kinga ni ya kuzuia panga la adui.
Labda. Kazi yake ya kila siku ni ndogo, ya aibu kidogo:
kiganja kikilowa jasho, au kitu kingine,
kisiteleze kikajikata kwa makali yake chenyewe.

Kushoto mwa tundu, mahali pa jina la mfuaji,
pana masizi ya mafiga ya nyanya.
Kutu nyekundu naijua, huikwangua kwa mfupa wa mbuzi, jioni kwa jioni.
Masizi sikuyagusa.

Mizani: gramu tisini na nne.
Kwa bei ya chuma kikuukuu, shilingi nne.
Nikafungua mdomo, nikamtajia bei nyingine.

Alinyamaza. Akakifuta kwa shati.
"Basi chukua plau tu, mama. Hiki nitamuuliza kwanza shangazi."
Nikaulaani mdomo wangu dakika nzima,
kisha nikamwomba anikopeshe sahani yake, kidogo tu,
nikailaza chini ya karatasi ya kitabu cha risiti
na kusugua kwa penseli, ubapa ubapa,
hadi majani ya msonobari yakatokea, meupe katika kijivu.
Nikaandika: Chavakali. Cha kufuliwa. Hakina jina.
Sauti: ndefu. Matumizi: kizibo.

Penseli ilitoboa karatasi pale penye kabari.