Daftari la Vipimo

Wa kwanza walikuja Jumanne, mvua ikipiga mabati ya Birere,
wakatundika bunduki kwenye msumari wangu wa makasi.
Mkubwa wao akasema: Fundi, vitambaa vya mkono mia tatu,
bluu, kesho kutwa.
Nikauliza upana. Akanyamaza,
akanionyesha vidole vinne.

Wa pili walipitia mlango wa nyuma,
ule unaotazamana na karai la Mama Kavira la ndizi za kukaanga.
Mia tatu, wakasema. Nyekundu.
Nikauliza upana.
Vidole vinne.

Mimi nina charahani ya miguu,
pedali yake imefungwa kwa mpira wa chukudu,
na daftari la shule nililoandika ndani yake mabega ya mtaa huu
tangu lava ilipopita ikatuachia sakafu nyeusi.
Siasa yangu inaishia hapo.

Wa bluu huandikisha mchana.
Wana meza, wana muhuri, wana kipaza sauti juu ya kamioneti
kinachopita Majengo hadi Mabanga kikisema nchi, nchi, nchi.
Kijana anapewa sabuni, samaki wa kopo, na namba.

Wa nyekundu hawana meza. Wana shangazi.
Shangazi anaingia usiku na unga wa muhogo,
anakaa, anavua viatu,
anahesabu makaburi ya ukoo moja baada ya jingine, pole pole,
hadi kijana anasimama mwenyewe kutafuta koti.

Mchana wanasema: wale ndio waliomuua babu yako.
Usiku wanasema: wale ndio waliomuua babu yako.
Nimeshona karibu na ukuta huu miaka kumi na tisa,
nasikia yote mawili vizuri.

Kisha zikaja oda za mashati.
Januari, vifua: arobaini, thelathini na nane, arobaini na moja.
Mei: thelathini na mbili.
Julai waliniletea mmoja wa inchi ishirini na sita.
Nikamwambia afande, hii ni sare ya shule.
Akacheka, meno mazuri kabisa:
Acha pindo kubwa, fundi. Atakua.

Wa nyekundu hawakuleta mtoto.
Walileta kamba yenye mafundo:
fundo la bega, fundo la kiwiko, fundo la kifundo cha mkono.
Nikaipima kamba. Nikaandika.
Ilikuwa fupi kuliko ile ya bluu kwa inchi moja.

Mpaka ulipofungwa, vitambaa viliisha sokoni.
Likabaki jora moja la pazia, la nyuso mbili,
huku bluu, huku nyekundu iliyopauka kidogo.
Nikakata. Nikashonea wote.
Sikumwambia mtu.

Baada ya majuma matatu akaja Ndungo wa kwa muuza makaa,
amepauka vumbi la barabara ya Sake hadi kope.
Akaniwekea kitambaa mezani.
Fundi, ushono umeachia, nimekigeuza mara nyingi.
Kizuizi cha kwanza bluu, cha pili nyekundu,
cha tatu niliona vibaya, ilikuwa jioni.
Akakunja shati, akanionyesha ubavu.
Nilikishona tena, uzi mara mbili.
Hakuwa na pesa. Alikuwa na ndizi moja.

Juzi wamekuja wote, asubuhi hawa, magharibi wale,
na bei ikawa moja: mkopo.
Nikafungua daftari nitafute ukurasa mtupu,
likafunguka lenyewe pale ambapo gamu imekatika.

Katembo, wa Mama Kavira. Bega kumi na nne.
Mkono ishirini. Shati jeupe la komunyo, vifungo sita.
Malipo: nusu.

Sijui aliondoka mchana au usiku.
Mama yake hasemi, anageuza ndizi tu.
Shati lipo pale juu, ndani ya nailoni.
Nilimwachia pindo kubwa.