Shimo la Chaki

Mdako unataka shimo,
na Mabanga hapa huchimbi: chini ni volkano tupu,
sururu yenyewe hurudi imekunja mdomo.
Basi Koko Kavira akachukua chaki ya Nsimire, akachora duara.
Hili ni shimo, akasema. Lina kina. Tuliheshimu.

Akarusha kokoto juu, akazoa tano,
na vidole vya miaka sabini na mbili
vikawa vya msichana aliyechelewa kuteka maji.

Mama Bolumbu, mtu wa Kisangani,
alikuwa anapita na beseni la sambaza. Akalitua.
“Sisi kwetu tulicheza kwa miguu.”
Akavua kandambili, akaruka nzango
hadi kikwembe kikaomba msamaha.
Mmoja alihesabu kwa Kinande, mwingine kwa Kilingala,
hakuna aliyekubali kwamba ameshindwa.
Sambaza zikaanza kunuka.

Kisha manyunyu yakafuta chaki.
Nsimire akauliza, Koko, shimo lako la kweli liko wapi?

Akagonga jiwe kwa kidole cha mguu:
humu humu, mita mbili chini, pengine tatu.
“Ilikuwa zamu ya mama yako,
moto uliposhuka.”