Betri ya Adagala

Saa kumi na moja na nusu, Mudete,
ukungu bado umelalia majani ya chai.
Namsikia kabla sijamwona:
gambuti zikiburura kokoto,
pumzi, tusi, pumzi,
Adagala anaisukuma pikipiki
kama anayerudisha kutoka sokoni ng'ombe aliyekosa mnunuzi.

"Imekufa," aniambia.

Ngoja. Kwangu hakuna anayekufa
kabla sijamsikiliza.

Fungua ufunguo. Usiguse kingine.
Taa ya nyutro inawaka, ila kwa haya.
Honi inakohoa, mbuzi mwenye mafua.
Indiketa ya kushoto haina balbu. Hilo naliweka akilini.
Kiki ilivunjika tangu Pasaka, sote twajua.
Sasa bonyeza stata.

Tik.
Tik-tik-tik-tik.

Umesikia? Hiyo ni lugha.
Kingekuwa kimya kitupu, ningeshuku fyuzi,
au kile kitufe chekundu cha mkono wa kulia
ambacho watoto hukibonyeza wakicheza safari
(niliwahi kufungua injini nzima, aibu yangu,
kumbe ni kitufe).
Ingezunguka kwa nguvu isishike,
ningeing'oa plagi niitazame kama inatoa cheche,
ningenusa petroli, ningeigonga kabureta kidogo.
Lakini tik-tik-tik ni mwenye njaa mlangoni:
ana nguvu ya kubisha,
hana ya kusukuma.

Nainua kiti.
Vichwa vya betri vimeota chumvi, nyeupe na kijani,
mkate uliosahaulika kabatini.
Spana namba kumi. Hasi kwanza.
Kila siku hasi kwanza, Adagala,
na wakati wa kurudisha, hasi mwisho,
la sivyo spana itagusa fremu na utaona radi mchana.
Maji moto, magadi kijiko kimoja,
mswaki wa mume wangu, anaodai bado mpya.
Povu linapanda, linazomea, linanyamaza.
Maji ndani yameshuka chini ya mstari;
naongeza ya chupa, yale ya betri,
si ya bomba, wala ya Yala hata yangemeta vipi.
Grisi kidogo juu, kama mafuta kwenye midomo wakati wa baridi.

Mita inasema kumi na moja nukta mbili.

Nimeichaji Jumatatu hii.
Niliichaji Alhamisi ile.

Basi tukaipeleka kwenye mteremko wa kiwanda,
gia ya pili, klachi ndani, kimbia, achia!
Ikajikwaa, ikapiga chafya, ikashika.
Nikapima ikinguruma: kumi na nne kamili.

"Injini inailisha vizuri," nikasema.
"Nani anaila usiku?"

"Sijui."
"Redio?"
"Sina."
"Taa za mapambo?"
"Mimi si kijana."
"Na balbu ya indiketa iko wapi?"

Akatazama gambuti zake muda mrefu.

"Ni mama," akasema.
"Kicheche alimchukua kuku aliyeatamia.
Stima tulikatiwa mwezi jana.
Usiku naichomoa betri, naipeleka jikoni,
balbu moja chini ya karai.
Wako kumi na tisa."
Akahesabu kwa vidole. "Kumi na nane.
Mmoja nilimkanyaga mimi, gizani, nikiirudisha."

Mzee Kageha, mama yake, namfahamu:
hata mgeni humpangusia kiti kwa leso yake.
Nikaona mikono ile ikipapasa chini ya karai,
ikihesabu joto.

Nyuma ya karakana ninazo betri tano
zilizokataa kuamsha injini yoyote.
Nikazipima moja moja.
Ya tatu, ya trekta la Wamisheni wa Kaimosi,
nzito kama jiwe la kusagia:
stata haiwezi,
balbu ya kidole inaiweza wiki nzima.

Tukaifunga kwa mpira nyuma ya kiti.
"Nikulipe nini?"
"Uje Desemba," nikasema. "Na kitu chenye manyoya."

Akateremka kuelekea Chavakali, akiashiria kushoto kwa mkono.

Mswaki nimeutupa chooni.
Akiuliza, sijauona.