Mishikaki Isiyo na Nyama

Saa kumi na moja alfajiri, Longuo bado imelala,
nimekaa jikoni na njiti mia mbili
nilizonunua Mbuyuni kwa muuza mkaa
aliyeniuliza, "Ng'ombe mzima au nusu?"
Nikamjibu: tikiti.
Akacheka mpaka akakosea chenji.

Jibini ni ya Mama Ndeshukurwa wa Sanya Juu,
duara zima, gumu kama kisigino cha mkulima,
lililofungwa gazeti la mwezi wa nane
hata ubavuni limenakili nusu ya tangazo la mnada.
Nalikata vipande vya kidole gumba.
Kisu kinakwama, kinatoka, kinakwama.
Harufu yake ni ya zizi lililofagiliwa.

Mkono unajifunza polepole.
Embe kwanza, maana embe hutereza
na linataka kushikwa na njiti mahali penye unene.
Kisha jibini. Kisha tikiti, kisha jibini tena,
halafu zabibu moja ya Dodoma kufunga mlango.
Nanasi nalitenga sinia yake.
Mwaka juzi nililaza nanasi na jibini pamoja usiku kucha,
asubuhi nikakuta jibini imelainika, na uchungu mdomoni,
kama ndoa iliyoharakishwa.
Parachichi nimelikatalia kabisa.
Parachichi lina aibu: linageuka rangi
kabla wageni hawajamaliza kusalimiana.

Njiti ya sabini na kitu imenichoma.
Nanyonya kidole: chumvi, embe, chumvi.

Saa saba jua limekaa juu ya turubai
kama mkwe asiyejua kuaga.
Waliotoka Dar wanajipepea kwa sahani,
walioteremka kutoka Kibosho
wamevaa masweta ya kanisani na hawavui.
Ndafu amelala mezani, jani mdomoni,
na ubavuni pake sinia yangu,
nyekundu, njano, nyeupe, kitenge kilichokatwa vipande.

Baba mdogo Elirehema anainua mshikaki mmoja,
anaugeuza huku, anaugeuza kule,
kama hakimu aliyeletewa kielelezo.
"Aikande, nyama imekimbilia wapi?"
"Ng'ombe yumo, Baba. Amekuja kwa njia ya maziwa."
Turubai zima linacheka. Yeye hacheki.
Anachomoa zabibu, anachomoa tikiti, anachomoa embe,
jibini anaiacha njitini kama jino la mwisho.

Bibi Ndelilio, mwenye meno manne kamili,
anaipokonya njiti ile.
Anatafuna taratibu, upande wa kushoto,
upande ambao bado unafanya biashara.
Tunangoja. Hata mchoma nyama amesimamisha panga.
"Haya maziwa," anasema, "yamelala sana."
Anatafuna tena.
"Lakini yameota vizuri."

Akaomba mwingine. Akaomba wa tatu,
embe akalisogeza kwa mjukuu, jibini akaificha kwenye khanga.
Ilipofika saa kumi ndafu alikuwa bado ana mgongo,
sinia yangu ina maji matamu na nzi wawili.
Elirehema akapita nyuma ya nyumba, mlango wa jikoni,
sauti chini kama anayedaiwa:
"Ile ya ng'ombe wa maziwa... haikubaki?"
Nikampa nanasi.

Asubuhi nimezunguka uwanja kuokota njiti,
maana njiti hazina huruma na mguu wa mtoto.
Nimepata mia moja na ishirini. Nyingine hazionekani.
Nazikuta migombani: Anaeli na wenzake
wamezichomeka udongoni, zimesimama duara,
zizi dogo, na mlango wa jani la mgomba.
Ndani zabibu tatu zilizosinyaa.
"Hawa ng'ombe," ananiambia, "usiwakanyage, Shangazi."
Na kile cheupe pale kwenye kona?
"Ndama. Anasubiri mama yake amnyonyeshe."

Nachuchumaa niangalie.
Sisimizi wameshaufikia uzio,
wamemzunguka ndama pande zote,
wanamswaga, hatua kwa hatua,
kuelekea mlangoni.