Siku ya Kumi na Mbili

Siku ya tatu ya damu nikameza cha kwanza,
cheupe, kidogo, hakifiki punje ya dengu,
kwa maji ya bomba yenye ladha ya chuma.
Zenon kasimama mlangoni, mswaki mdomoni,
ananitazama kama mtu anayengoja birika lichemke.

Sasa hivi? akauliza.
Sasa hivi nini, Zenon?

Kazi yangu ni kukagua mayai.
Nje ya Mława, ghala la tatu, mkanda unapita,
taa chini yake, na kila yai linatoa siri:
hili lina tone la damu,
hili lina ufa mwembamba kama unywele,
hili limefanya giza tumboni, viza, tupa.
Miaka kumi na mmoja. Mkono unajua kabla yangu.

Kuku havunji yai lake, sawa,
lakini mimi langu sijawahi hata kulitaga.
Daktari Wieczorek alinichorea nyuma ya risiti:
vifuko vidogo vingi, vimejipanga ukingoni
kama wageni wenye adabu kupita kiasi,
tangulia, hapana, tangulia wewe,
mpaka mwezi unakwisha
na hakuna aliyevuka kizingiti.

Kidonge hakiumbi kitu, alisema.
Kinapanda kichwani kusema uongo mmoja:
homoni imekwisha, ghala ni tupu.
Na ubongo, kwa hofu, unapiga kelele
hadi chini kabisa, kwa aliyelala.

(Mbegu za Zenon zilihesabiwa pia. Zinatosha.
Alitembea wiki nzima kama aliyeshinda uchaguzi.)

Siku ya tano, joto.
Nje nyuzi kumi na moja chini ya sifuri,
nami nimefungua dirisha saa nane usiku,
shingo inachuruzika, mume wangu kalala na kofia.
Nililia kwa sababu ya kijiko.
Kijiko kilikuwa upande wa uma.

Mama mkwe alipiga simu: amewasha mshumaa kanisani.
Nikamwambia asante.
Nilitaka kumwambia, mama, mimi nawaka tayari.

Siku ya saba, kidonge cha tano, cha mwisho,
nikaona vimulimuli. Februari.
Vimetanda pembeni mwa macho, vinakuja na taa,
haviondoki taa ikizimwa.
Kwenye mkanda kila yai lilikuwa na doa.
Nilitupa thelathini mazima kabla Halina,
mwenye wanne wake na mguu mbovu,
hajanishika kifundo cha mkono:
Bogusia, haya yana nini?
Sikuwa na jibu ambalo angelisikia juu ya mashine.

Daktari, kwenye simu: usiendeshe gari,
usikae mbele ya taa, uje.
Dawa hii hutaimeza tena. Ikishindikana, ipo nyingine.
Ikishindikana. Neno refu kwa mtu aliyesimama barabarani
na mfuko wa viazi.

Siku ya kumi na mbili vimulimuli vilikuwa vimehama.
Chumba chenye giza, jeli ya baridi, kioo kikageuzwa kwangu.
Ukungu wa kijivu, na katikati yake
duara jeusi, jeusi tititi.
Mkono wangu ukainuka wenyewe
kulitoa kwenye mkanda.

Hapana, akacheka, hili ndilo.
Milimita kumi na tisa. La pili ni dogo, halitafika.
Jeusi ndiyo zima, Bi Bogumiła. Hapa mambo ni kinyume.
Nikamwomba asiondoe kwanza.
Nilitafuta ufa. Sikuuona.

Leo usiku, alisema, halafu keshokutwa,
kwa sauti ile ile ya kuandika dawa ya kikohozi.

Zenon alikuwa bafuni, povu kidevuni.
Nilikuwa bado na koti, theluji inayeyuka mabegani.
Sasa hivi, nikamwambia.
Akatema, akasuuza, akanitazama kama kijana aliyeitwa ubaoni.

Chumbani akanyoosha mkono, akazima taa.
Nikamwambia aiwashe.