Dakika Kumi na Tano za Mapumziko

Saa tano usiku, na jua bado limekaa juu ya ziwa
kama mgeni asiyejua kuaga.
Juni ya Ufini haina giza la kumfichia mtu uso.
Ukumbi wa mbao, sakafu imepakwa nta,
wazee kwa vijana, wawili wawili,
tango, tango, kisha walsi,
na Ilpo mbele yetu amekumbatia kodiani
akitabasamu lile tabasamu la kwenye bango.

Mimi napiga besi.
Noti mbili; nne nikiwa na bidii.
Kwa hiyo nina muda wa kutazama migongo ya watu.
Mgongo wa Ilpo niliuona umelowa
kabla ya wimbo wa tatu, na ukumbi ulikuwa wa baridi.

Mapumziko ni dakika kumi na tano.
Raili wa ngoma huenda kununua soseji.
Mwimbaji hupigwa picha.
Ilpo huenda garini, hufunga mlango,
huizima redio ambayo haijawashwa.

Mwanzoni tulisema: uchovu.
Kilomita mia tatu na arobaini kutoka Pieksämäki,
kulala kitini, kula kwenye vituo vya mafuta,
nani asingechoka?
Kisha tukasema: pombe. Hakuwa akinywa.
Kisha tukamwambia, kwa mapenzi kabisa, jikaze kisabuni,
nayo sabuni, kadiri unavyoikaza
ndivyo inavyokuponyoka.

Julai, Kajaani, nilimfuata
nikisingizia nimesahau waya.
Alisema bila kunitazama:

"Ikiwa kifuani, inanipumulia.
Inavuta, navuta. Inashusha, nashusha.
Nikiiweka sandukuni na kubana vifungo
sijui zamu ya pumzi ni ya nani."

Sikuwa na la kusema. Mimi ni mtu wa noti mbili.
Nilikaa. Mbu waliingia, tukawaacha.
Nikagonga dashibodi kwa kidole, polepole,
moja,
mbili,
tatu,
naye akapumua juu yake kwa shida,
kama mtu anayepanda ngazi na gunia.
Ndani walishaanza kupiga makofi ya kutuita.
Tulichelewa dakika tisa.
Mwenye ukumbi alitukata euro themanini.

Raili ndiye aliyepiga simu Jumatatu.
Akaambiwa: nafasi ipo, Oktoba.
Oktoba!
Akauliza, kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na ngoma,
kama na wao huvuta pumzi kwa miadi.
Ikapatikana Alhamisi.

Ilpo hakupiga tena msimu huo.
Tulimchukua kijana wa Kuopio, vidole vyepesi, hatoki jasho.
(Naukagua mgongo wake kila usiku. Imekuwa tabia.)
Fedha tuliendelea kuzigawa mafungu yale yale,
na fungu la Ilpo Raili alilipeleka mwenyewe, ndani ya bahasha ya soseji.
Mwimbaji alinung'unika wiki mbili, halafu akachoka.

Septemba, usiku wa mwisho, giza limesharudi kazini.
Nilimwona mlangoni, koti la mvua,
mikono mitupu isiyojua pa kukaa.
Ilikuwa zamu ya wanawake kuchagua.
Mama mmoja wa viatu vyekundu akamwendea.
Miaka ishirini na miwili amewachezesha wenzake,
na ikabainika palepale, mbele ya ukumbi mzima,
kwamba Ilpo hajui kucheza.
Alimkanyaga. Akaomba radhi. Akamkanyaga tena.
Raili akanitupia jicho,
tukaupunguza mwendo wa walsi;
kijana wa Kuopio hakuelewa kwa nini, akafuata.

Sisemi alipona. Hata kucheka sikumwona akicheka.
Nilimwona akihesabu, midomo ikitikisika,
moja, mbili, tatu,
na yule mama, kifuani pake, akipumua zake,
naye akipumua zake.